Shangazi na Barua za Magodoro

Dukani walimwita Mama Posta. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua pepe wateja elfu sita wa duka la magodoro, kila Jumanne, wapende wasipende. Sasa niambieni, mtu akishanunua godoro leo, wiki ijayo la pili atalilaza wapi? Lakini meneja wake hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Basi watu wakachoka. Wakawa wanajiondoa kwenye orodha, kumi leo, ishirini kesho, mpaka meneja akampa Mama Posta wiki mbili awarudishe. Akayafungua majina ya walioondoka, akaanza kusoma huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Jina la tisa lilikuwa la shangazi yake.

Na si shangazi wa kukutana naye misibani tu. Ni huyu aliyemlea tangu akiwa mchanga, na Mama Posta mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye orodha. Wangeondoka elfu nzima asingejali, lakini huyu mmoja alimuuma, tena sana.

Mwenye akili zake angepiga simu. Yeye kazi ilishamwingia damuni, akamtumia shangazi barua ileile wanayotumiwa walioondoka wote: “Mpendwa Mteja, tumekukosa. Rudi upate mito miwili bure.” Kimya. Siku tatu baadaye, kama utaratibu unavyotaka, akaongeza na shuka. Kimya. Barua ya tatu ikasema hii ndiyo nafasi yako ya mwisho. Nafasi ya mwisho, jamani, unamwambia mtu aliyekubadilisha nepi!

Jumamosi uvumilivu ukamwishia, akaenda. Shangazi akampokea mkoba, akamkalisha kitandani maana viti vyote vilikuwa na nguo za kupiga pasi. Mama Posta akaanzia mbali, akauliza hali ya magoti, hali ya bomba la jikoni, hali ya jirani, mpaka likamtoka: kwa nini amejitoa?

“Kwa sababu hunijibu,” shangazi akasema.

Kumbe tangu barua ya kwanza alidhani anaandikiwa yeye peke yake. Si chini pana jina la mtoto wake? Hilo la Mpendwa Mteja alilichukulia kuwa mtoto anaona haya mbele ya wenzake kazini. Kwa hiyo kila Jumanne anavaa miwani, anajibu kwa kidole kimoja mpaka chai inapoa. Miaka miwili hiyo, na hajapata hata salamu. Akaona yaishe.

Barua za duka zilitoka kwenye anwani ambayo majibu yake hayafunguliwi na mtu yeyote, na aliyepanga iwe hivyo ni yeye, ili wateja wasimsumbue. Akakiri yote, macho kwenye zulia.

Ningekuwa mimi ningemtandika kwa maneno. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, kwamba muda wote huo amekuwa akisimulia habari za bawasiri yake kwa duka la magodoro. Alipomaliza akafuta machozi, akafungua kwenye simu barua alizotuma, akampa. Zilikuwa mia na nne.

“Nisomee,” akasema. “Mimi macho yamechoka.”

Akaanza na ya kwanza. Siku ile duka lilikuwa limewauliza wateja wote, kwa herufi kubwa, kama wanalala vizuri. Shangazi alikuwa amejibu: “Asante kwa kuniuliza, mwanangu. Silali vizuri tangu uhame. Nikisikia geti naamka, nadhani ni wewe.”

Hapo simu ya Mama Posta ikaita mkobani. Ni meneja huyo, anataka idadi ya waliorudi. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza, kisha akataka kuendelea na barua ya pili, lakini shangazi akaifunika ile simu ya barua kwa kiganja.

“Hiyo uliyoisoma nijibu kwanza,” akasema.