Mtu Niliyemfufua Ng'ambo ya Ziwa

Wasichana tunaoanika nao dagaa mwaloni Ujiji, ukingoni mwa ziwa, wananisalimia, "Shikamoo, bibi muuaji," nami naitikia marahaba kwa sababu ni kweli. Nimeua wengi. Nimemtilia sumu tajiri wa mawese, nimemzamisha karani, nimemchoma kisu mganga na wala sikumwonea huruma. Darasa la nne nililoishia limenitosha. Naandika kwa kalamu, herufi kubwa kama mayai ya bata, halafu mjukuu wangu aliye mwalimu Katubuka anachapa kwenye simu yake na kurusha sehemu moja moja kwenye kundi la wasomaji. Wako wa Dar, wako wa Mwanza, na wako wanaonitukana nikichelewa. Najisifu, ndiyo. Mgongo ukishapinda hivi, usingoje mwingine akusifu.

Watu huniuliza visa navitoa wapi. Navitoa hapahapa. Mtu akinunua kamba mpya dukani, wewe unaona kamba, mimi naona aliyefungwa. Mwanamume akicheka sana msibani, namfuata kwa macho mpaka akate kona. Na siku zote nimewatambia wenzangu kwamba mimi situngi, nachukua kilichopo nakitia chumvi. Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Hadithi ya mwaka huu ilianza na mvuvi. Kaenda ziwani, mtumbwi umeonekana mtupu, mkewe analia. Mwanzo uliandikika wenyewe. Katikati ndiko nilikokwama, na katikati ya hadithi kunachosha kuliko kubeba maji. Nilikuwa nageuza dagaa kwenye vichanja, jua linanipiga utosini, kichwani hamna kitu, na wasomaji wanataka washtuke. Mwisho nikasema potelea mbali, huyu hakufa. Yuko ng'ambo, Kongo, anauza vitenge, ana ndevu na jina jingine.

Mjukuu alinipigia. "Bibi! Umeniua!" Kundi zima likawaka moto.

Sasa nina shoga yangu wa Kasingirima. Tumeanika pamoja tangu maziwa yetu yamesimama. Hajui kusoma, wasichana humsomea hadithi zangu huku wanaokota dagaa. Mumewe alikwenda kuvua, upepo ukarudisha mtumbwi peke yake. Maiti haikuonekana, kaburi hakuna. Ndugu wa mume wakamwambia asubiri kwanza, asikae eda, huenda mtu yu hai. Akasubiri. Hakuna aliyerudi kumwambia sasa kaa. Wenziwe wakazeeka wajane, yeye akazeeka hajulikani ni mke au mjane. Sikumwandika yeye. Lakini mtumbwi mtupu, hapa kwetu, nani hajauona?

Asubuhi moja akabisha hodi. Ana begi.

"Safari ya wapi?"

"Boti inaondoka Kibirizi mchana. Niambie tu mji gani."

"Mji gani wa nini?"

"Usinichezee, shoga. Umesema ana ndevu. Yule ujanani ndevu zilimkataa, nikawa namcheka. Uzeeni lazima zimemtoka. Nani kakwambia? Wale wachuuzi wa vitenge?"

"Sikuambiwa na mtu. Nimetunga."

"Wewe? Si ndiye unayetutambia hapa kwamba hutungi?"

Nikaapa. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeiba sukari.

"Unanificha kwa kuwa ana mke huko. Sitagombana naye. Nataka nimwone tu anakula."

Nikakaa kizingitini. Mwanamke ana presha, hana ndugu huko, aende akazunguke sokoni kwa watu akichungulia kila mzee mwenye ndevu. Na aliyempeleka ni mimi.

"Kaa," nikamwambia. "Haijaisha. Mwenye ndevu siye."

Nikaanza kusimulia, na sikujua naelekea wapi. Watu wangu hufa kwa mstari mmoja, huyu nilimfikisha polepole. Nikasema wavuvi wa kusini walimwona kulipokucha, ziwa limetulia.

"Walijua ni Mwislamu?"

"Walijua. Wakamkosha, wakamkafini, wakamswalia."

"Kichwa alikishika nani?"

"Mzee mmoja, mikono yake mikubwa."

"Kaburi lina kivuli?"

"Liko kwenye michikichi."

"Michikichi inaangusha makuti, wewe. Wanafagia?"

"Wanafagia."

Kuku waliingia ndani wakatoka, hakuna aliyewafukuza.

"Hilo nalo umetunga," akasema.

"Nimetunga."

"Na la ndevu?"

"Na la ndevu."

Akasogeza begi ukutani kwa mguu. "Hili la kaburi ndilo nitakalolichukua. Usiliweke kwenye simu. Hao wa Dar watafute maiti wao."

Kisha akaniuliza kama nina mkeka. Nikamtandikia chumba cha nyuma, nikatundika pazia mlangoni, akaniomba kanga zisizo na marembo. Sheikh sijamuuliza habari ya eda hii, na akitaka kunisahihisha anajua nyumba ilipo. Boti iliondoka.

Yumo humo hadi sasa. Mimi ndiye ninayempikia, na kuanika kwake naanika mimi, vichanja viwili kwa mgongo mmoja. Mjukuu anapiga simu, anasema wasomaji wanatukana, wanataka kujua mkewe atamkuta au hatamkuta.

"Niwaambie nini, bibi?"

"Waambie bibi yako ana mfiwa ndani."

"Nani kafa tena?"

Nikamwambia aniache kwanza, mgebuka wangu anaungua kikaangoni.