Kiti cha Hasira

Siku fundi seremala alipomwona kwa mara ya kwanza yule mama mpiga pasi, mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha jirani, mkono mmoja ameshika pasi ya mkaa, mkono wa pili ameshika sikio la mvulana. Sikio lenyewe lilikuwa limeng'atwa. Aliyeling'ata, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameketi juu ya furushi la nguo za watu, akipangusa midomo kama mtu aliyetoka karamuni.

"Hujambo, jirani," mama akamwambia fundi. "Ndio tumehamia. Sisi ni watu watulivu sana, kama unavyoona."

Fundi akajibu, "Sijambo, mama," kisha akaingia karakana yake na kurudisha mlango. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Alikuwa na haya kiasi kwamba wateja wengine walidhani ni bubu, wakawa wanamwonyesha vipimo kwa vidole.

Ukuta uliotenganisha karakana na chumba kile ulikuwa wa mbao tupu, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza kitu ili kukijua. Wale walikuwa wajukuu wa mama, watoto wa binti yake aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Baba yao alikuwa ametoka kununua betri za redio miaka minne iliyopita. Bila shaka duka liko mbali. Msichana aliitwa Wembe, kwa sababu ya ulimi. Mvulana, wa miaka sita, aliitwa Kifaru, kwa sababu kila ugomvi aliuingia kwa kichwa.

Jumapili alikuja shangazi yao, dada wa yule mnunuzi wa betri, kuwaonea huruma. Sauti yake ilipita ukutani bila kupunguzwa.

"Mama, hawa watauana. Shule zikifungwa nao bado wanararuana, namchukua huyu mkubwa akakae kwangu. Mdogo utabaki naye."

"Mwanangu, hawa hawajawahi kulala nyumba mbili."

"Watazoea."

Shangazi hakutaja kwamba msichana wake wa kazi alikuwa ameacha kazi wiki ileile. Mtu akiwa na huruma nyingi, mambo madogo humpitia.

Ikatokea mwezi huo shule ikawaita wazazi kwenye mafunzo ya malezi. Mtaalamu, mtu nadhifu sana, aliwaeleza kwa saa nne umuhimu wa kuwapa watoto muda, na watoto wakawasubiri wazazi wao nje, juani. Mama mpiga pasi alirudi na karatasi ya mazoezi ya kufanya nyumbani, akaisoma kwa miwani yenye mkono mmoja. Wengine walifungia karanga karatasi zao. Yeye alikuwa na wiki sita tu za kumzuia Wembe asiende kuosha vyombo vya watu.

Zoezi la kwanza: mtoto ajue hisia zake. Mama akachora kwa mkaa ukutani sura nne, furaha, huzuni, hofu na hasira. Hakuwa mchoraji, zote nne zilifanana na mwenye nyumba.

"Leo mimi ni huyu wa tatu," Wembe alisema asubuhi.

"Kwa hiyo una hofu?"

"Bibi, mimi nilidhani huyo anacheka."

Zoezi la pili: kusikilizana. Wakati wa chakula cha jioni mwiko ulizunguka, na aliyeushika ndiye aliyesema lililomfurahisha na lililomuumiza siku hiyo, wengine wakinyamaza. Karatasi ilisema na watu wazima washiriki, basi fundi akaitwa. Mwiko ulipomfikia aliupitisha haraka kwa aliyekaa kando yake, kama kaa la moto.

"Fundi hana linalomuuma," Kifaru akasema.

"Analo," mama akajibu. "Linasubiri kibali."

Zoezi la tatu ndilo lililoleta balaa. Karatasi ilitaka kiti cha kutulizia hasira, mtoto akikasirika akae hapo hadi ipoe, kisha aseme kilichomuudhi.

"Kipimo?" fundi aliuliza mama alipokuja kukiagiza.

"Cha mtu aliyevimba."

Sasa fundi alikuwa amefundwa na marehemu mwalimu wake kwamba kiti kinachomchosha mkaaji ni tusi kwa aliyekitengeneza. Akampima Kifaru goti na mgongo. Akalaza egemeo kidogo, akaviringisha mikono ya kiti kwa msasa hadi ikawa laini kama sabuni iliyotumika, akatia na mto wa pamba. Kazi nzuri mno. Kuanzia siku ile nyumba nzima ilikasirika.

"Bibi, nimekasirika," Kifaru alisema, akitabasamu.

"Nani kakuudhi?"

"Bado sijaamua."

Watoto wa majirani nao wakaja, wakapanga foleni mlangoni, kila mmoja na hasira yake mkononi. Jumatano Wembe na Kifaru walipigana kugombea kiti cha kuzuia wasipigane. Mama akaja karakana, akakaa juu ya rundo la maranda, akacheka hadi akajifuta macho. Kisha hakuwa anacheka tena.

"Zimebaki wiki mbili, Fundi."

Fundi aliinuka. Alikibeba kiti, akakipasua katikati kwa msumeno, akakiongezea ubao, akakirudisha kikiwa cha watu wawili, tena wawili wa kubanana. Hilo halikuwamo kwenye karatasi. Walipokorofishana waliwekwa humo wote, bega kwa bega. Si rahisi kumchukia mtu ambaye kila akipumua anakusukuma. Dakika ya tano mmoja alikuwa ameanza kucheka, na mwenzake alifuata kwa lazima.

Shule zikafungwa. Shangazi akaja saa ya chakula na mfuko mtupu wa kutilia nguo. Akawakuta wamebanana kitini, kila mmoja ametazama ukuta wake.

"Mmegombana," shangazi akasema, akiwa na furaha ya mtu aliyepata risiti yake.

"Ndiyo," Kifaru akajibu. "Kaniambia nina kichwa cha debe. Nimeumia."

"Na yeye kanikanyaga," Wembe akasema. "Lakini tumebakiza kidogo tu, Shangazi. Tukimaliza tutakuamkia."

"Umesikia mwenyewe, mama. Wembe, fungasha nguo."

Mama mpiga pasi alisimama. Alikuwa ameshika mwiko. Akautazama, akamkabidhi fundi aliyekuwa amekuja kula nao.

Fundi akatafuta wa kumpitishia. Kulia kwake kulikuwa na ukuta. Kushoto alikuwepo shangazi.

"Mimi nawasikia kupitia mbao hizi," akasema, akiuambia mwiko. "Walipohamia, walikuwa wakigombana, mmoja anakimbilia nje na mwingine analia ndani. Siku hizi wakigombana wanakwenda mahali pamoja. Kiti nimekipima kwa wawili. Ukimtoa mmoja, huyu mwingine atakasirika na nani?"

"Na huyu ni nani?" shangazi akauliza.

"Mwenye mwiko," Kifaru akasema.

Shangazi akavimba, akatamka mengi kuhusu maseremala. Watoto wakatazamana, wakainuka bila kuambiwa.

"Kaa, Shangazi," Wembe akasema. "Hukai kwa adhabu. Ni mpaka ipoe tu."

Alikaa kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Mgongo wake ukakutana na egemeo lile, na mgongo, kama ijulikanavyo, hauna msimamo. Alikaa hadi chakula kikaisha, akashika mwiko zamu yake, akasema kinachomuumiza ni vyombo. Wembe akajitolea kuwafundisha binamu zake kuviosha. Mfuko ulirudi mtupu, na juma lililofuata shangazi aliagiza kiti.

Mwaka wa pili binti wa mama alipata nyumba kule alikokuwa akifanya kazi, akawaita wote watatu. Kiti kilipakiwa cha kwanza, watoto wakiwa wamekikalia. Mama akaja mlangoni pa karakana, akampa fundi mwiko.

Fundi akaushika. Hakukuwa na wa kumpitishia. Alitaka kusema habari ya ukuta, jinsi utakavyokuwa kimya.

"Safari njema, mama," akasema.

"Hilo ni la watu wote, Fundi. Baki na mwiko; neno lako mwenyewe ukilipata, utatuletea vyote viwili."