Bingwa wa Kilimanjaro Kutoka Tanga

Hapa Doha ukisema umetoka Tanzania, kila mtu anakujibu, "Kilimanjaro!" Mimi ni mtoto wa Tanga, mlima huo nimeuona kwenye chupa za maji tu. Lakini tajiri wangu ninayemwendeshea gari aliponiuliza kama nimeupanda, nilijibu, "Mara mbili, Baba." Huku majumbani ndivyo tunavyowaita matajiri wetu.

Nilikoma! Likizo ilipofika, alinichukua mimi na familia yake hadi Ucheki, kwenye hifadhi yenye mlima uliochongoka kama kawa la kufunikia chakula, eti niwaongoze. Kupanda nilijikaza kisabuni. Kushuka ndiko nilikoumbuka: niliteleza kwa makalio, nikikumbatia kila mti na kumwita mama yangu. Baba alikuwa nyuma yangu, simu mkononi, akinirekodi. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Jana, nyumbani kwake Al Rayyan, nilikuwa namimina kahawa majlisi, sebule ya wageni, alipowasha video yangu kwenye runinga mbele ya wageni.

"Mtazameni bingwa wa Kilimanjaro!"

Wakacheka hadi machozi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaka yake hakucheka. Alisogelea runinga. "Mbona picha imepigwa kutoka chini chini hivi? Wewe mpigaji ulikuwa umesimama kweli?"

Baba akanitazama. Ndipo nikakumbuka suruali yake aliyonipa niitupe kule hotelini, imechanika makalioni. Nikashusha pumzi.

"Mmiminie kahawa huyu," aliniambia haraka, "anyamaze."