Siku Bi Zaituni Alipoomba Kuingia Bandani

Nakumbuka kama leo, mwanangu, Bi Zaituni aliposimama mbele ya banda langu pale Singida mjini, kanga kaifunga kiunoni, akasema amekuja kuwaona kuku wa harusi. Alikuwa mpishi wa shughuli, na mjini hapakuwa na harusi ya maana bila sufuria zake.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kufuga kuku wa nyama, nikijiona nimeyapatia maisha! Kumbe tamaa mbele, mauti nyuma. Chumba cha kuku mia nilikijaza mara tatu yake. Madirisha nimeyaziba kwa turubai, nikisingizia upepo wetu huu. Wakikohoa, nawatilia dawa kwenye maji bila kumuuliza mtaalamu. Wateja waliona minofu tu, na sikutaka waone zaidi.

"Shikamoo, mama. Ndani kuna harufu, nitakutolea mmoja umwone."

"Marahaba. Sikuja kumwona mmoja. Fungua."

Nikafungua. Macho yalituwasha papo hapo! Maranda ya sakafuni yameloa, kuku wanahema midomo wazi, wengine miguu imeshindwa kubeba kifua. Waliokufa walikuwa wamekanyagwa na wenzao.

"Dawa umeacha kuwapa lini?"

"Jana," nikajibu, nikitazama chini.

"Dawa ingali mwilini mwao, ndiyo nikawalishe watoto wa watu? Na hawa viumbe, wamekukosea nini?"

Nilidhani ataondoka. Wapi! Alishika ncha ya turubai akalivuta, likachanika lote. "Waite majirani!" akanifokea.

Ee, mwanangu, ungekuwepo! Hata fundi cherehani aliacha suruali ya mtu kwenye mashine akaja mbio. Huyu anazoa maranda, yule anabeba maji, wengine wanazungushia wavu uani. Kuku wakatolewa. Mwanzoni walijikunyata juani kama wageni. Mara mmoja akakunjua mbawa, akazipiga, akaruka! Akafuata wa pili, wa tatu, na vigelegele vikalia mtaa mzima. Nilikuwa nacheka na kulia.

Harusi ile ilikula mbuzi. Habari ilishafika sokoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuku wangu. Nikamwita daktari wa mifugo, nikapunguza idadi, mlango nikauacha wazi. Watu walikuja kuchungulia, wengine bila hata salamu! Mpaka Bi Zaituni aliporudi, akazunguka banda zima, kisha akasema, "Shughuli ya binti yangu nakuachia wewe." Nilikimbia nyumbani nikipiga kelele njia nzima.

Sasa nawe unafuga, nakusikia ukilalamika kwamba wateja wa siku hizi wanauliza mno: kuku kalelewaje, kapewa nini. Waache waulize, mwanangu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Fuga unaoweza kuwatunza. Wape hewa na nafasi. Wakiugua, mwite mtaalamu, na dawa iishe mwilini kabla hujashika kisu. Mnyama hawezi kukushtaki, basi wewe mwenyewe umwonee huruma.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, mifugo yako izaane kwa afya, na kila atakayekula ulichofuga akuombee dua njema.