Jeki Moja ya Karakana na Mkono wa Wambura

Siku yangu ya kwanza kazini Musoma nilifika nimevaa shati jeupe. Mama alikuwa amelipiga pasi ya mkaa, maana kwake kuajiriwa serikalini kulikuwa ukarani tu, hata kama barua ilisema karakana. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akacheka mpaka akaegemea tairi la lori. "Karibu, Bwana Harusi," akasema. "Kalivue hilo shati kabla halijawa tambara." Jina hilo lilinikaa miaka.

Ilikuwa miaka ya shida. Ninyi mkisikia shida mnafikiria bei. Sisi hata hicho cha kuulizia bei hakikuwepo. Mpira wa ndani wa tairi ukishindwa kuzibika, tulishindilia nyasi kavu, gari likarudi barabarani likichechemea. Beringi, ule mduara wa gololi unaolifanya gurudumu lizunguke laini, tuliiosha kwa mafuta ya taa na kuirudisha ilikotoka. Fundi aliyeweza kukirudishia uhai kipuri kilichokufa aliheshimiwa kuliko mwenye cheti.

Na jeki nzima ilikuwa moja, karakana yote. Malori, matrekta, magari ya maofisa, vyote viliisubiri hiyo hiyo. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Unainua gari, unasukuma magogo ya mti mgumu chini ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, unaishusha jeki polepole mpaka uzito ukae juu ya magogo, kisha unaitoa na kumpelekea mwenzako. Fundi Mkuu alipita akifoka: "Nani kaniachia jeki imebeba gari? Jeki ni ya kuinulia! Wenzako wanaingojea!" Hakuwa akituhubiria usalama hata kidogo, alitaka jeki yake. Lakini miaka yote niliyokaa chini yake hakuna aliyeumia.

Hapo ndipo nilipokutana na Wambura, Mkatoliki kutoka Butiama, mtoto wa wafugaji. Aliweza kuweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya injini inayounguruma akakuambia beringi gani inakufa. Tulipohamishiwa wote kituo cha Butiama kuhudumia matrekta, Bwana Karakana wa huko, mtu mkali wa miwani, hakumwita kwa jina, alimwita Daktari. Nilimwonea wivu, sitaficha. Hata hivyo tulipendana. Ijumaa alinisubiri nitoke msikitini ndipo tule, na Jumapili mimi nilimsubiri atoke kanisani. Sijapata tena rafiki wa namna ile.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa bidhaa, na sisi tukapunguzwa kazini. Bwana Karakana alisoma majina yetu mwenyewe, katikati ya orodha akavua miwani, ikabidi karani amalizie. Mimi na Wambura tukahamia Bunda, tukafungua gereji Manyamanyama. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa jeki mpya nyekundu. Yangu peke yangu! Kila jioni niliifuta kwa kitambaa. Magogo tulikuwa nayo, lakini sasa jeki haikuwa na pa kwenda wala mwenzangu wa kuingojea. Tukaanza kuiacha ibebe.

Wakati huo mfanyabiashara mmoja wa pale mtaani, Mzee Shabani, aliyekuwa akichukua dagaa Mwigobero, kule ziwani Musoma, na kuwauza Bunda, alileta pikipiki ya magurudumu matatu. Mbele usukani na gurudumu moja, nyuma magurudumu mawili na bodi ya mzigo. Watu walikuja kuishangaa kama wanaangalia ndama wa miguu mitatu. Gurudumu la nyuma kulia lilipoanza kunguruma, akatuita nyumbani kwake tulifungue pale pale uani.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana siku hizi wengi wenu mnavyo vyombo hivi na mnavifungua wenyewe nyumbani. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, yanabaki mawili tu, na la mbele linageuka na usukani. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, shusha mzigo. Nati za gurudumu zilegeze likiwa bado limekanyaga chini. Funga breki, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki. Jeki ikae chini ya chesisi, siyo chini ya bati la bodi. Ingiza magogo mapana chini ya chesisi, kulia na kushoto, ushushe uzito juu yake, na ukitikise chombo kabla mtu hajapeleka hata kidole. Haya yote niliyajua siku ile.

Nilikuwa nimekwisha kuiinua pikipiki, ndipo Wambura akauliza, "Fundi Rajabu, magogo tumeyaacha gereji. Niyafuate?"

"Kwa haka kamashine?" nikamjibu. "Haka hata wewe unakabeba mgongoni. Ingia tumalize."

Akaingia chini ya bodi. Nati moja ilikuwa imeng'ang'ania, na kwa kuwa gurudumu lilikuwa hewani, kila nikikaza spana linazunguka nayo. Nikamwambia alishike kwa chini. Kisha nikapanda juu ya spana kwa mguu, na uzito wangu wote. Pikipiki ikasogea, usukani ukajipinda, jeki ikalala. Vidole vya Wambura vikabanwa kati ya rimu na jeki yangu nyekundu. Hakupiga kelele. Aliita tu jina langu, mara mbili.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vile vya kusikilizia injini. Mzee Shabani aliponiuliza imekuwaje, nikasema, "Alilivuta gurudumu." Wambura alikuwa amelala chini ya bodi, mguu wangu hakuuona. Nilisema kwa hofu, nikidhani nitasahihisha kesho. Kesho yake Wambura mwenyewe, akiwa ameyasikia na kuyaamini, akaniambia, "Nisamehe, nimekuharibia kazi," nami nikanyamaza. Akarudi Butiama kulima mihogo. Gereji ikakua, na mimi nikawa ndiye ninayeitwa Fundi Mkuu.

Sasa nimestaafu, magoti hayakubali tena kulala chini ya gari. Napenda kukumbuka. Nakumbuka harufu ya dizeli asubuhi, kelele za Fundi Mkuu, magari yamekaa kimya juu ya magogo kama wazee barazani. Watu husema miaka ile ilikuwa mibaya, nami huwabishia. Ila kila nikianza kukumbuka, naishia uani kwa Mzee Shabani. Mwaka huu nilipanda gari kwenda Butiama.

Nilimkuta Wambura anamenya mihogo, kisu amekishika kwa vidole vitatu. Alifurahi, akaniletea kiti. Nikamwambia kabla sijakaa: nilikanyaga spana, hukuvuta kitu.

Aliweka kisu chini. "Ulikanyaga."

"Nilikanyaga. Na magogo nilikukataza mimi."

"Miaka yote hii," akasema, na sauti yake ikapanda, "nilikuwaga najiuliza nilivutaje. Usiku nainuka najaribisha mkono, navuta hewa. Na mimi ndiye nilikuombaga msamaha!"

Machozi yalinitoka, mzee mzima. Hakunibembeleza. Aligeuka akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Mama Nyangeta! Kuja hapa. Huyu ana neno." Kisha akaniambia, "Sema tena, vile vile ulivyoniambia. Huyu ananiitaga mzembe tangu siku ile."

Nikarudia yote, magogo, mguu, spana, na uongo. Mama Nyangeta alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga. Mimi hakunitazama tena. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akaushika ule mkono wa kulia.

"Baba Nyangeta," akasema, "nisamehe."