Nilimpeleka mama mkwe lodge ya msituni, ngedere wakaniumbua

Wakuu, salama humu? Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo.

Hili nasimulia nikiwa na akili zangu timamu na chumvi sijatia. Mke wangu kasoma kabla sijaposti, kacheka mpaka kashika mbavu, kwa hiyo shahidi ninaye.

Mimi ni mtu wa Singida, mwalimu hapa Mtwara mjini. Nimeoa Mmakonde wa Nanyamba. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akabaki peke yake kwenye nyumba yao huko mikoroshoni. Msimu uliopita akashikwa na homa kali, majirani ndio waliomkuta sakafuni hajiwezi.

Tangu hapo mke wangu hana raha. Simu ikiita tu, anaruka. Tunambembeleza mama ahamie kwetu, anakataa katakata.

"Nkwe na mama nkwe hawalali paa moja. Ni aibu."

Na wakuu, kwa aibu ya mkwe huyu mama hana mpinzani. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Nimekaa palepale, yeye anageukia pembeni, anavuta kanga usoni: "Mwambie mumeo, habari za kazi?" Nami namgeukia mke wangu: "Mwambie mama, nzuri." Mke wangu katikati kama mkalimani wa mahakamani.

Basi likizo ilipofika nikaona ofa ya lodge moja, ipo msituni upande wa Msimbati. Wameandika "family cottage". Nikajisemea, mama akilala na sisi siku mbili akaona hakuna aliyekufa, atakubali kuhamia. Tukamwambia wajukuu wamemkumbuka. Akaja na mkeka wake na mfuko wa korosho za kukaanga, maana chakula cha hotelini hakiamini.

Wee! Kufika, chumba ni kimoja. Kimoja! Juu makuti, katikati kiukuta cha mianzi kinachoishia kifuani. Bafu liko nje kwa nyuma, halina paa, na mlango wake ni pazia. Dada wa mapokezi anatabasamu: "Hapa wageni wetu wanaishi na asili."

Asili gani dada yangu, mimi nimekuja na mama mkwe!

Mama akachungulia ndani, akarudi kinyumenyume, akakalia begi lake.

"Mwambie mumeo, mimi narudi Nanyamba."

Mke wangu machozi yakaanza kumlengalenga. Nikajiona mjinga kweli, maana mpango ni wangu na nimeuharibu mwenyewe. Nikasema, "Mwambie mama mimi nitalala kwenye gari." Mama hakuinuka kwenye begi kuondoka. Tukashukuru kwa hilo.

Alasiri mke wangu akasema anawapeleka watoto na bibi yao ufukweni. Mimi nimechoka, jasho linanitoka, nikaingia kuoga. Suruali, shati na taulo nikavitundika juu ya ukuta.

Kumbe mama hakwenda. Miguu ilikuwa inamuuma, kabaki barazani kwenye mkeka wake anakula korosho.

Nimejipaka sabuni mpaka machoni, nasikia puu! Kufumbua jicho moja, ngedere wawili juu ya ukuta. Nadhani walivutwa na harufu ya korosho. Mmoja kakumbatia taulo, mwenzake kabeba suruali na shati. Nikapiga yowe ambalo mwanaume hapaswi kulipiga.

Mama akaja mbio, namsikia anawatupia ngedere kandambili. Kisha akasimama nje ya pazia. Mimi ndani nimechuchumaa nyuma ya ndoo. Mkalimani wetu hayupo.

Mara nikamsikia anaita: "We ngedere! Mwambie nkwe wangu, nguo zake ziko juu ya nti."

Ningefanyaje? Nikajibu: "Ngedere, mwambie mama naomba aniitie mtu."

"Ngedere, mwambie hakuna ntu hapa. Wote wamekwenda pwani."

"Ngedere, mwambie mama arudi tu barazani, nitajua mwenyewe."

"Ngedere, mwambie hatajua mwenyewe. Naona siafu wanaingia humo."

Nikatazama chini. Mungu wangu, kweli!

Kabla sijapiga yowe la pili, kanga ikarushwa juu ya ukuta ikanifunika kichwa. Kanga ya mama mkwe jamani! Siku nyingine nisingethubutu hata kuigusa, lakini siafu walishafika kwenye kifundo cha mguu. Nikajifunga kiunoni nikatoka mbio, povu limejaa masikioni.

Nikakutana naye uso kwa uso. Kanga ya kujifunikia ninayo mimi, kwa hiyo ndiyo mara ya kwanza namwona vizuri. Anafanana na mke wangu, hata macho.

Nikajua sasa ndiyo basi, huyu atatembea kwa miguu mpaka Nanyamba.

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani, akawa anajifuta machozi kwa mkono. Mke wangu na watoto ndio wanarudi, wamesimama wanatushangaa. Mimi nimevaa kanga.

Mama akaniangalia mimi, si pembeni.

"Baba Tumaini."

"Naam, mama."

"Aibu niliyokuwa naitunza imeisha yote leo. Nitakuja kukaa kwenu."

Mke wangu akamwangukia shingoni, analia kama mtoto. Nami wakuu sitadanganya, machozi yalinitoka na nikasingizia sabuni.

"Lakini unijibu wewe mwenyewe," mama akasema. "Bafu lenu lina mlango?"

"Lina mlango, mama. Na komeo."

Nilichojifunza: mkwe usimlazimishe, na kabla ya kulipia chumba uliza kuta zinaishia wapi.

Mnaoishi na wakwe, njooni mtiririke, tusaidiane uzoefu. Ila atakayeniomba picha ya mimi na ile kanga, namblock.