Daktari Kasemaje

Leo nimemdanganya rafiki yangu ndani ya banda la video, hapa Msamala.

Gervas alikuwa bondia. Siku hizi kichwa chake kinatikisika na majina ya watu yanampotea. Ile filamu ya bondia isiyokwisha tumeitazama pamoja tangu sehemu ya kwanza, mimi nikimtafsiria Kiingereza.

Leo wameleta sehemu mpya. Ni mbovu, niseme ukweli. Nusu saa nzima hakuna ngumi, bondia amekaa tu hospitali.

"Peleka mbele!" vijana wakapiga kelele.

Kwenye filamu, daktari alikuwa anamweleza bondia kwamba ngumi zimemharibia ubongo, na dawa hakuna.

Gervas akanigusa. "Mwalimu, daktari kasemaje?"

Mnanijua. Mimi hueleza hata nisiloulizwa.

"Kasema apumzike, atapona."

Akaitazama mikono yake inavyotetemeka.

"Mbona mimi nimepumzika miaka kumi na miwili, Mwalimu?"

Mwenye banda akapeleka mkanda mbele. Ngumi zikaanza, vijana wakashangilia. Gervas aliendelea kunitazama mimi, akingoja maelezo.

Ndugu zangu, ninyi mngemjibu nini?